Ribiti Mia Nne za Mbegu za Mchicha

Siku ile mpumbavu nilikuwa mimi. Nalitanguliza hili mapema, nisije nikamkuta mmoja wenu amejibanza kwenye kona ya sura hii, mkono mdomoni, akingoja kunibaini. Usijichoshe, ndugu yangu. Nimeshajibaini kwa mikono yangu miwili, mmoja una vidole vitano na mwingine vitatu, maana viwili niliviacha kama ada katika karakana ya injini, shule isiyotoa vyeti, hutoa makovu. Ila nikisema mpumbavu nilikuwa mimi, msidhani nilikuwa peke yangu. Mji mzima ulikuwa nyuma yangu kwenye foleni. Mimi nilitangulia tu kufika dirishani.

Mji wenyewe hauna jina. Jina limeandikwa kwenye ubao wa stesheni, na stesheni iko ng'ambo, na ng'ambo hatufiki. Huku tumeshalisahau. Tukitaka kujitaja tunasema "hapa."

Katikati ya hapa inapita reli, na pale barabara inapovuka reli kuna geti: mti mmoja mrefu, mwekundu na mweupe, uliolazwa kimo cha kifua cha mtu mzima. Asubuhi moja, ambayo wengine wanasema ilikuwa juzi na wengine wanaapa ilikuwa enzi za babu zao, ilisikika honi mbali, geti likashushwa ili treni ipite. Treni haikupita. Geti halikuinuliwa. Kitabu cha Njia kina jalada la bati, na ndani yake mchwa wameacha sharti moja tu linalosomeka: geti likishashushwa halitainuliwa mpaka injini ipite. Basi tukangoja. Walioamkia sokoni wakabaki huku, walioamkia kisimani wakabaki kule. Kuna bwana harusi aliyevuka kuja kununua kilo moja ya mchele. Nasikia bibi harusi bado amevaa, na vitukuu vyake vinampepea.

Mtaniuliza, maana kuuliza mnaweza, kwa nini hatupiti chini ya mti. Mbuzi wanapita. Kuku wanapita. Vumbi linapita bila kibali cha mtu. Sisi mmoja wetu alijaribu, Mkongea, mshona nguo. Akainama, akapita, akafika kwake, akapiga hodi. Mkewe akafungua mlango, akamtazama usoni kwa adabu zote, akasema, "Nikusaidie nini, baba?" Jina lake lilikuwa limenasa kwenye mti kama kitambaa kwenye mwiba. Mpaka leo liko pale, na upepo ukivuma linasikika likipigapiga. Mwenyewe anazunguka mitaa ya kule akiwashonea watu nguo, na kila anayemlipa anamuuliza yeye ni mgeni kutoka wapi. Tangu siku hiyo hakuna aliyeinama tena. Tumegeuza woga wetu ukawa utii, na utii tumeupaka rangi nyekundu na nyeupe.

Aliyeumizwa na geti kuliko wote ni Siwema, muuza mchicha. Sisemi hivyo kwa kumhurumia. Huruma yangu ilikatika pamoja na vile vidole. Nasema kwa sababu mlio wake niliusikia kila asubuhi, nao haukuwa mlio wake, ulikuwa wa mama yake. Bibi yule yuko ng'ambo, mgonjwa, na kila kulipokucha alikuwa akiletwa mpaka karibu na geti, akaita majina ya wanawe kwa mpangilio wa kuzaliwa. Zamani aliita tisa. Kisha usahaulifu ukaanza kumla kutoka mkiani: kitinda mimba akatoka, wa nane akatoka, wa saba. Sasa lilikuwa limebaki moja, la kifungua mimba. "Siweeema!" Na Siwema huku anaitika, "Labeka mama!" Halafu anarudi kumwagilia mchicha wake. Hesabu ilikuwa nyepesi, hata mimi niliiweza: jina hilo nalo likitoka, geti liinuliwe lisiinuliwe, Siwema atafika kwa mama yake kama Mkongea alivyofika kwa mkewe.

Sasa mje kwenye akili ya Mkuu wa Njia, msimamizi wa geti na mtunza Kitabu. Ni mtu mwenye kofia. Mengine yote aliyonayo yako chini ya kofia, na hayajaonekana. Lakini siku moja alipata wazo, na nakiri lilikuwa wazo la kweli, limepotea njia likamwingia. Kitabu kinasema injini ipite. Hakisemi injini ukubwa gani. Akaagiza injini kutoka huko zinakoagizwa vitu, ikaja kwenye boksi, imekwisha kutengenezwa, urefu wa mkono wa mtu kutoka kiwikoni hadi ncha ya kidole. Injini ya mvuke, ya kijani, ya plastiki na bati, na vipande sita vya reli ya bati, na ufunguo ubavuni wa kukazia springi. Akaileta kwangu, kwa kuwa mimi ndiye pekee hapa niliyewahi kuzishika zile kubwa.

Tukaiweka mezani. Tulikuwa watatu: Mkuu na kofia yake, mimi, na Siwema aliyetufuata na kapu lake la mchicha bila kualikwa. Nikakaza ufunguo mara nne, nikaachia. Ikaenda. Krrrr, ikapita sahani ya kahawa, ikapita kitabu cha bati, ikamaliza reli, ikaangukia mapajani mwa Siwema, magurudumu yakiendelea kuzunguka hewani kama miguu ya mende.

"Inakwenda," akasema Siwema. Uso wake ulikuwa umefunguka. "Basi imekwisha. Tuipeleke getini."

Nikacheka. Hapo, ndugu zangu, ndipo penyewe. Kama mnatafuta mahali pa kutia kidole, tieni hapo.

"Bi Siwema," nikasema, "hiki ni kichezeo. Tazama. Vishikio havikufungwa, vimechorwa tu kama mikunjo ya shati. Ribiti, zile pini za vichwa vya mviringo zinazoshona bati, hakuna. Makaa yake ni ya plastiki, yanang'aa kama shanga. Dereva hayupo. Masizi hayapo. Umewahi kuona injini isiyo na masizi? Hii haijafanya kazi hata siku moja, inanuka duka. Geti lina macho. Litaicheka."

"Geti ni mti, Fundi."

"Mti uliomnyang'anya Mkongea jina."

Mkuu alisubiri aone mimi nimesimama upande gani, kisha akasimama hapohapo, akiwa amevuta tumbo. "Fundi amesema. Hatuwezi kupitisha aibu. Iboreshe. Siku ngapi?"

"Tatu," nikasema.

Siwema aliinua injini kutoka mapajani, akaiweka mezani polepole kama anayemlaza mtoto. "Mama yangu amebakiwa na jina moja," akasema. "Haya. Siku tatu."

Sijui zilikuwa siku tatu zipi. Kalenda yangu niliibandika ukutani kwa gundi nyingi mno, haifunuki.

Nikaanza na wembe. Nikakwangua vile vishikio vya kuchorwa, nikatoboa matundu kwa sindano niliyoishikiza kwenye kishina cha mhindi, nikapitisha waya wa shaba nilioutoa kwenye redio iliyokufa. Vikawa vishikio vya kushikika, kwa mwenye mkono wa sisimizi. Makaa ya plastiki nikayang'oa, nikaponda mkaa wa kweli, nikaupepeta, nikaumwaga kwenye kibehewa cha nyuma. Kutu nikaichukua kwenye reli yetu wenyewe, nikaikoroga na chai ya rangi, nikaichora chini ya kila kiungo mahali ambapo maji yangevuja kama maji yangekuwapo. Chokaa nyembamba nikaichirizisha kando ya boila, tangi la kuchemshia maji, ile alama nyeupe anayoijua kila aliyewahi kuosha injini iliyonyweshwa maji ya kisima cha chumvi. Masizi nikayakwangua chini ya sufuria la mke wangu, ambaye hakuniuliza, maana ameshazoea kuolewa na mimi. Na ribiti! Nilikaa siku nzima nikitafuta kitu kidogo, cha mviringo, cha kufanana kimoja na kingine, nikakiona kwenye kapu la Siwema: mbegu za mchicha. Nikazibandika moja moja kwa ncha ya sindano na tone la gundi. Mia nne. Nilizihesabu kama mchamungu anavyohesabu tasbihi, ila mimi niliyekuwa namtukuza nilikuwa mimi.

Siwema alikuwa anakuja kila adhuhuri, anasimama mlangoni.

"Inakwenda?"

"Njoo uone ribiti."

"Naona mbegu zangu. Nimeuliza, inakwenda?"

"Itakwenda. Kwanza iwe."

Kwanza iwe. Sikilizeni maneno ya mtu aliyekatwa vidole na bado hajaelimika. Kwanza iwe nini? Nimelala na swali hili kama watu wanavyolala na jino bovu. Kitu kinakuwapo kwa sababu gani? Kwa sababu kinafanana na kilichokuwapo kabla yake? Basi kivuli cha mlevi ni mlevi, mpeni bili. Kwa sababu wakubwa wamekitambua? Mkuu wa Njia anatambuliwa na kila mtu, na bado sijapata ushahidi kuwa yupo. Niliwahi kuziona injini zile kubwa zilipokuwa hai. Zilikuwa chafu, zinatukana, zinatema maji ya moto kwenye viatu vya mtu, hazikuwahi kufanana na chochote, hata zenyewe kwa zenyewe hazikufanana. Uchafu wao ulikuwa jasho. Mimi nilikuwa nachora jasho kwenye kitu kilichokatazwa kufanya kazi. Nakijua kitendo hicho, nanyi mnakijua, na wapo wanaokifanya wakapewa kofia.

Na mji ukaja. Msidhani mji ungeniacha nikosee peke yangu. Karakana ya zamani ilikuwa na desturi: injini haikutoka nje mpaka kila mfanyakazi aiwekee mkono wake, hata mfagiaji, hata mpika uji. Mmoja anakaza nati, mwingine anafuta kioo, basi kila mtu anasema ni yake. Nikafanya ujinga wa kuikumbuka desturi hiyo kwa sauti. Kesho yake foleni ikafika barabarani. Mwalimu akataka kengele. Mwenye bucha akataka bendera. Watu wa mtaa wa juu wakataka taa mbele, watu wa mtaa wa chini wakasema taa ikiwa mbele basi wao wapewe nyuma. Bwana harusi akaleta punje ya mchele ibandikwe mahali popote, nikaibandika. Kila mmoja aliondoka akitembea kama aliyezaa.

Mkuu akaja na haja mbili. Ya kwanza, kibao cha jina lake, herufi za dhahabu. Ya pili, dereva awe na sura yake.

"Kwa ajili ya kumbukumbu," akasema.

"Ya nini, Mheshimiwa? Hujafa."

"Ya mapema."

Nikachonga dereva kwa kijiti cha mpera. Nilipomaliza, Mkuu akamtazama akasema, "Ni mimi mtupu." Nikamtazama, nikajiona mimi, na vile vidole vitatu. Bwana harusi akamtazama, akaanza kulia. Siwema alimchukua kiganjani, akamgeuza kwenye mwanga, akamrudisha. "Huyu hana macho," akasema. Kweli, nilikuwa nimesahau macho.

Ukabaki ufunguo. Ah, ufunguo! Chuma cha mabawa mawili, kimesimama ubavuni mwa injini kama sikio la sungura. Kila ribiti niliyobandika iliufanya uonekane mbaya zaidi. Injini gani ya mvuke ina ufunguo ubavuni? Nikawaza kijanja. Nikaikaza springi mpaka mwisho, nikaizuia kwa kijipini nilichokificha chini, kisha nikaukata ufunguo kwa msumeno, nikaziba tundu lake kwa mbegu moja ya mchicha. Ya mia nne na moja. Haikuonekana kabisa. Na ili masizi yasipukutike, kutu isifutike, mchele wa bwana harusi usianguke, nikaipaka yote vanishi, tabaka tatu, juu na chini, ikiwa imesimama. Hiyo nayo niliirithi karakana. Zamani mkubwa akija kukagua, tulifunga magurudumu kwa vipande vya mbao injini isije ikamwendea, tukaipaka rangi hivyohivyo, ikakaguliwa ikiwa imesimama, ikasifiwa ikiwa imesimama. Nilifundishwa uzuri na injini zilizofungwa miguu. Sijitetei. Nasema nilikosomea.

Siku ilipofika jua lilikuwa la saa nne, na lilikaa saa nne mpaka mambo yakaisha. Mji wote ukapanga mistari barabarani. Ng'ambo nako watu walikuwa wamejaa, tunawaona kwa mbali kama watu wa kwenye picha. Mama yake Siwema walimleta kwenye kiti. Akapanua mdomo.

"Siwe…"

Akasimama hapo. Akatazama huku na huku, kama aliyeshika mpini akakosa jembe. Siwema aliitika, "Labeka mama! Labeka!" lakini bibi alikuwa anatazama midomo ya watu, mmoja mmoja, akiulizia ile nusu iliyobaki.

"Fundi," akasema Siwema bila kunigeukia, "ipite. Sasa hivi."

Nikavitandika vile vipande sita vya reli ya bati katikati ya reli kubwa, nikaiweka injini. Watu wakaguna kwa raha. Ilikuwa nzuri, nisiwe mnafiki. Jua liliipiga, ikang'aa pale palipotakiwa kung'aa, ikafubaa pale palipotakiwa kufubaa. Mzee mmoja aliyewahi kupanda treni alivua kofia. Mkuu akasoma sharti la Kitabu, akasoma kibao chenye jina lake, akakisoma tena. Nikapiga magoti, nikachomoa kile kijipini.

Kwi.

Ndani kulilia kitu kama panya aliyekanyagwa. Vyuma vinavyounganisha magurudumu vikatetemeka unywele mmoja, vanishi ikavishika. Kisha springi ikakatika, tak, na mbegu ya mia nne na moja ikaruka ikanipiga kwenye paji la uso. Nikatia kidole kwenye tundu kuutafuta ufunguo. Ufunguo ulikuwa nyumbani, kwenye kopo la misumari.

Injini haikutikisika. Geti halikutikisika. Mkuu alikohoa, akafanya kile wanachokifanya.

"Wananchi! Mmeona jinsi ilivyosimama? Imesimama imara! Huu ni msimamo!"

Na watu, siwasingizii, walipiga makofi. Watu wa taa ya nyuma walipiga zaidi ya watu wa taa ya mbele. Bwana harusi alikuwa anamwonyesha jirani yake mahali ulipo mchele.

Siwema akaja akasimama juu yangu. Mimi bado niko magotini.

"Ilikuwa inakwenda," akasema. "Iliniangukia mapajani. Ilikuwa inakwenda, Fundi."

Ningenyamaza. Mtu mwenye akili angenyamaza. Lakini nina mdomo ambao haujawahi kukatwa na mashine yoyote. "Bi Siwema, kuwa na haki. Itazame basi! Vishikio vya shaba. Ribiti mia nne. Chokaa ya maji ya kisima, hakuna mtu aliyewahi… Hakuna injini popote iliyofanana na injini kama hii inavyofanana!"

"Hata maiti hufanana na mtu," akasema Siwema.

Akainama. Nilidhani anapita chini ya mti, nikaliona jina lake limeshanasa pale kando ya la Mkongea, yanapigana na upepo. Hakupita. Aliinama mpaka kwenye reli ya bati, akaishika injini kwa mikono miwili, boila mkono huu na kibehewa mkono huu, akaing'oa. Kengele ya mwalimu ikaanguka. Akakunja kanga yake ikawa kata ya kubebea mzigo, akaiweka kichwani, na juu ya kata akaiweka injini, bomba la moshi mbele, dereva asiye na macho akitazama tunakoelekea. Akaanza kutembea kwenye reli kubwa, hatua fupi fupi, shingo imenyooka, kama anavyobeba kapu lake kila siku ya Mungu.

Hakuna aliyepiga makofi. Makofi yetu yanajua pa kujificha.

Alipofika usawa wa barabara, mti mwekundu na mweupe ukalia kwenye bawaba. Nyie, niliusikia kwa masikio haya. Ulilia, ukapanda shibiri moja, ukasita, kama uliokuwa unasoma Kitabu upya.

Mkuu wa Njia alikuwa anakimbia pembeni yake, mkono mmoja kwenye kofia, Kitabu kwapani, bati likipiga kelele. "Wewe mama! Shusha! Shusha hiyo! Injini haibebwi! Hakuna mahali popote injini imewahi kubebwa! Injini ndiyo hubeba watu!"

Siwema hakusimama, wala hakugeuza shingo, maana mwenye mzigo kichwani hageuzi shingo.

"Nimeibeba tangu honi ilipolia, Mkuu, wala sijafika popote. Leo naibeba kwenda kwa mama yangu."